Unataka sauti bora kwenye spika zako: ununue waya ghali au amplifaya mpya?

Amplifaya kwanza, ndugu. Hizo waya za bei ya sofa waachie wenyewe. Waya wa spika wa shaba tupu wa milimita 2.5 mraba, mita 5 kutoka amplifaya hadi spika, una ukinzani (yaani kiasi unavyozuia umeme, hupimwa kwa omu) wa takriban omu 0.07 ukihesabu kwenda na kurudi. Spika zako zikiwa za omu 8, ukinzani wa waya haujafika hata asilimia 1 ya hizo. Sikio halisikii kitu.

Ila hakikisha ni shaba kweli. Kabla hujalipa pale Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, omba wakate ncha kidogo uikwangue kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba juu, na ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba. Umbali ukifika kama mita 15 na spika ni za omu 4, panda hadi milimita 4 mraba.

Na amplifaya usiinunue kwa kufuata wati peke yake. Kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti unayoisikia lakini si kubwa. Kama ya sasa inakoroma au inachafua sauti ukiongeza volyumu, badilisha. Kama inacheza safi kwa sauti unayotaka, hizo pesa weka kwenye spika. Tofauti kubwa zaidi utaisikia hapo.