Nenda Amani, Hata Kama Hupandi Haraka

Juzi msomaji mmoja wa Korogwe kaniandikia. Wenzake wa kazini wanapanga kupanda Amani, ule msitu wa milima ya Usambara Mashariki juu ya Muheza, naye anasita kwa sababu ya uzito wake, tena anauliza kuhusu raba zake mpya. Dada yangu, umenigusa penyewe.

Mimi kikundi kimoja hapa Tanga mjini kilinitoa kwenye safari usiku wa kuamkia siku yenyewe. "Utatuchelewesha," basi, na kikatuni cha kucheka juu yake. Nauli nilishatoa na mpaka leo haijarudi.

Nikaenda kivyangu. Muheza nikapanda basi la Amani, tukapita Zigi, ilikoishia reli ya magogo ya Wajerumani, nikalala huko juu karibu na ile bustani ya mimea ya 1902. Alfajiri niko njiani kwenda bwawani na mwongozaji, kijana wa pale pale. Mvua hainyeshi, lakini miti inadondosha maji tu, maana mlima huu unanasa unyevu wa upepo wa baharini. Ndiyo maji yanayoingia Mto Zigi, ndiyo hayo tunayokinga mabombani Tanga.

Nilipanda taratibu, nikihema kwa mdomo, nikisimama nilipotaka. Mara, "Dada, siafu! Piga miguu chini, usisimame!" Mmoja alining'ang'ania kisigino. Nilipomvuta, kiwiliwili kikatoka, kichwa kikabaki kimeng'ata. Kwa hiyo chomeka suruali ndani ya soksi. Chukua mwongozaji, umlipe vizuri. Na utoke mapema.

Bwawa lenyewe dogo, jiwe unalirusha likavuka, maji yake rangi ya chai ya mkandaa. Hapakuwa na mtu. Mbega walikuwa ng'ambo wanakula majani, mikia myeupe inaning'inia, nami nakula mahamri yangu. Wale wembamba wangu wa kikundi walikuwa bado wamelala Tanga!

Tunashuka saa sita, tukakutana na kundi linapanda na spika begani, wanatuuliza mbega wako wapi. Nikacheka kimoyomoyo. Watu siku hizi wanapanda mlima ili waonekane wamepanda. Wewe mshukuru Mungu kwa miguu aliyokupa, uitumie, usingoje ruhusa ya mtu. Na utoke mapema, nimeshasema.

Hizo raba mpya ulizoniuliza, zivae kwanza sokoni na kazini mpaka zilegee. Mwongozaji mtafute getini Zigi, usichukue wa kuokota stendi Muheza.