Ryder Cup 2027: tulipe dipoziti ya pakeji ipi?

SWALI: Assalaam aleikum. Sisi ni marafiki wanane hapa Malindi, wacheza gofu wa wikendi. Baadhi yetu ni wenyeji, wengine ni Waitaliano waliohamia hapa zamani. Hao Waitaliano walikwenda Roma 2023 kuangalia Ryder Cup, yale mashindano ya gofu ya timu ya Ulaya na timu ya Marekani, na tangu warudi hatupumui. Sasa tumeazimia kwenda Ireland, uwanja wa Adare Manor, Septemba 2027. Tumeletewa pakeji mbili. Ya kwanza ina malazi ya siku tano katika hoteli ya nyota nne mjini Limerick, banda la VIP kwenye shimo la 18, yaani la mwisho, chakula na vinywaji kutwa. Ya pili ni karibu nusu ya bei hiyo: nyumba iliyo “dakika kumi kutoka uwanjani”, usafiri wa kila siku, na “tiketi ya siku za mechi au inayolingana nayo”. Wote wanataka dipoziti mwezi huu. Tuchukue ipi? Mimi nina visa ya Uingereza ya miaka miwili, je, inanitosha? Na mke wa rafiki yetu mmoja Mwitaliano ni Mkenya, yeye aombe nini?

JIBU: Waaleikum salaam. Mwezi huu msilipe yoyote. Sisemi ni matapeli. Hao wa kwanza hasa wanaonekana wanaijua kazi. Lakini nimeyasoma yote mliyonitumia na sijaona mahali palipoandikwa tiketi inatoka wapi. Kitanda kinapatikana, gari linapatikana. Mkifika langoni bila tiketi halali, mmekwenda Ireland kunyeshewa mvua tu.

Ryder Cup ikichezwa Ulaya, tiketi za kawaida hugawiwa kwa bahati nasibu: unajiandikisha, unasubiri, jina lako litoke au lisitoke. Nje ya hapo, tiketi za mabanda ya VIP na zile zinazofungwa pamoja na malazi huuzwa na mawakala walioidhinishwa, na njia hizo zinaonyeshwa kwenye tovuti rasmi ya mashindano. Wakala asiyekuwemo humo anategemea kuja kununua mkononi kwa watu baadaye, na tiketi iliyopita nje ya njia rasmi inaweza kufutwa. Ndiyo maana akaweka yale maneno “au inayolingana nayo”. Inalingana na nini? Kwenye Ryder Cup ya mwaka 2025, uwanja wa Bethpage, New York, tiketi ya siku ya mechi iliuzwa dola 749.51, ya siku ya mazoezi ya Jumanne au Jumatano dola 255.27. Zote mbili ni tiketi za Ryder Cup. Mtu anaweza kukupa ya Jumanne akasema ametimiza ahadi. Kwa hiyo waandikie wote wawili muulize: tiketi ni ya siku gani na tarehe gani, ni ya aina gani, mmeipata kwa nani, na je, tayari mnayo au mnatarajia kuipata? Asiyejibu hilo la mwisho kwa maandishi, achaneni naye.

Sasa hilo banda la shimo la 18, ambalo naona ndilo limewapendeza. Hapa nataka mfikiri kama wachezaji. Ijumaa na Jumamosi kuna mechi nne asubuhi na nne mchana, basi. Uwanja mzima, maelfu ya watu, na mechi nne. Zinaanza kwa kupishana robo saa hivi, kwa hiyo aliyekaa shimo moja anaziona zikipita kwa muda usiotimia saa, kisha anabaki na televisheni na sahani yake mpaka kipindi cha mchana. Tena hizi ni mechi za kushindana shimo kwa shimo. Aliyekwisha kushinda hana sababu ya kuendelea mpaka mwisho. Waulizeni Waitaliano wenu Ijumaa asubuhi ya Roma ilikuwaje: Ulaya walishinda mechi zote nne, mbili zikaisha shimo la 15, mbili la 17. Aliyelipia kiti cha shimo la 18 asubuhi ile hakuona mpira wa mechi ukifika. Kweli, mchana mambo yaligeuka, mechi tatu zikaja kumalizikia pale pale kwa sare, na kelele zake sidhani wamezisahau. Lakini hiyo ni bahati. Hata waandaaji wanalijua jambo hili. Kwenye Presidents Cup (mashindano kama haya, ila Marekani hucheza na timu ya nchi nyingine zisizo za Ulaya) ya 2022 pale Quail Hollow, Charlotte, walibadilisha mpangilio ili yale mashimo matatu ya mwisho yanayosifiwa sana yawe ya 13, 14 na 15, yasije yakakosa mechi.

Kama pesa ya banda ipo, ombeni lililo kati ya shimo la 12 na la 16. Na ulizeni kama tiketi ya banda inawaruhusu kutoka na kuzunguka uwanjani mtakavyo. Kwa kawaida inaruhusu, ila iandikwe.

Jambo lingine kuhusu banda, na mtanisamehe kwa kuingilia. Sehemu nono ya bei yake ni pombe. Katika nyinyi wanane wangapi wanakunywa? Kama nusu yenu ni watu wa soda na chai, mnalipia mvinyo wa wengine. Ombeni bei isiyo na pombe. Wakikataa, walau ulizeni nyama yao, maana “chakula kutwa” Ireland bila maelezo kinaweza kuwa nguruwe asubuhi na nguruwe jioni. Limerick mjini msikiti upo, kwa hiyo kwa Ijumaa mjipange mapema: mechi zinaanza asubuhi mno (Roma ilikuwa saa moja na dakika 35), na kutoka uwanjani kwenda mjini halafu kurudi siku ile si safari ya kubahatisha.

Ya pili, nyumba ya “dakika kumi”. Adare ni kijiji cha watu elfu moja na kitu, kiko kilomita kama 16 kutoka Limerick, kizuri kweli, chenye nyumba za kuezekwa kwa nyasi barabarani. Bethpage walitarajiwa watu kama 50,000 kwa siku. Chukueni Lamu siku za Maulidi, muiongezee magari, ndipo mtajua dakika kumi zitakuwa ngapi. Hata siku ya kawaida foleni ya Adare inajulikana Ireland nzima. Barabara mpya ya kukipita kijiji imekuwa ikijengwa kwa sababu hiyo hiyo. Wiki ya mashindano gari la kukodi halitafika langoni. Watu huegesha mbali, wakapanda mabasi ya waandaaji. Kwa hiyo swali si nyumba iko umbali gani kutoka uwanjani. Swali ni iko umbali gani kutoka kituo cha basi rasmi, na hiyo pakeji yenye “usafiri wa kila siku” ina kibali cha kushusha watu wapi. Kwa mtazamo wangu hoteli ya Limerick, ambako mtaweza kutembea kwa miguu jioni na kupata chakula, inaishinda nyumba ya shambani ambayo usiku mtategemea dereva mmoja.

Kama mtapata tiketi kwa njia iliyo safi, mimi ningechukua siku moja ya mazoezi na siku moja au mbili za mechi, bila banda. Siku ya mazoezi mnawaona wachezaji wote 24 kwa karibu, hakuna msukumano. Jumapili kuna mechi 12 za mtu kwa mtu, uwanja mzima una mchezo, kokote utakakosimama kuna kitu. Ukiniambia nichague siku moja tu, nitachagua hiyo. Pesa iliyobaki pigeni gofu Lahinch au Ballybunion, viwanja viwili vya pwani ambavyo watu wanavuka bahari kuvifuata, na vyote vinafikika kwa gari kutoka Limerick.

Pesa na visa ndipo penye mtego, na hapa nendeni polepole. Visa ya Uingereza haikuingizi Ireland. Ni nchi mbili. Upo mpango wa kutumia visa moja kwa nchi zote mbili, lakini ni wa raia wa India na China, si wetu. Mkenya anaomba visa ya Ireland ya muda mfupi. Fomu hujazwa mtandaoni, kisha unapeleka pasipoti na vielelezo, pamoja na taarifa za benki za miezi sita. Ada ni yuro 60 kwa kuingia mara moja, 100 kwa kuingia mara nyingi. Kama uliwahi kunyimwa visa popote, useme. Kuficha ndiko kunakomharibia mtu.

Angalieni tarehe. Mechi ni 17 hadi 19 Septemba 2027. Ireland hupokea maombi ndani ya miezi mitatu kabla ya kusafiri, yaani kwenu ni kuanzia katikati ya Juni, na majibu yawekeeni hesabu ya wiki nane. Maana yake mtajua mmepata au mmekosa katikati ya Agosti. Pakeji nyingi zinadai salio lote siku 90 kabla, nyingine mapema zaidi. Utakuwa umemaliza kulipa kabla ya kujua kama utaruhusiwa kuingia! Idara yao ya uhamiaji yenyewe inashauri mtu asinunue tiketi za ndege kabla ya kupata jibu. Kwa hiyo kabla ya dipoziti, mkataba useme mojawapo ya mambo mawili: aliyenyimwa visa anarudishiwa kiasi fulani kinachotajwa, au nafasi yake inaweza kuhamishiwa jina jingine mpaka tarehe fulani. La pili ni rahisi wakala kulikubali, na kwa kundi la watu wanane linatosha, mkiwa na mtu wa tisa wa akiba mwenye pasipoti ya Ulaya.

Mkataba useme pia mashindano yakiahirishwa itakuwaje. Hili si la kufikirika. Ya 2001 ilichezwa 2002 baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ya 2020 ikasogezwa 2021 kwa sababu ya korona, na hii ya Adare yenyewe ilikuwa iwe 2026. Halafu mvua: Celtic Manor, Wales, mwaka 2010 ilinyesha mpaka mechi zikamaliziwa Jumatatu. Msikate ndege ya kurudi Jumatatu asubuhi. Jumanne.

Mnamlipa nani? Akiwa ni wakala wa Kenya, aonyeshe leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na uanachama wa KATA, chama cha mawakala wa usafiri Kenya, ni dalili njema. Akiwa ni kampuni ya nchi ya Umoja wa Ulaya, pakeji yake inaangukia kwenye sheria yao ya 2015: lazima awe na kinga ya fedha zenu akifilisika, na akipandisha bei kwa zaidi ya asilimia 8 mna haki ya kujitoa bila faini. Muombeni cheti cha hiyo kinga. Pesa iende akaunti ya kampuni, isiende namba ya simu ya mtu. Na kwa vile mko wanane, mkituma kwa pamoja mtavuka dola 10,000, na benki itataka karatasi, kwa hiyo ankara iwe na majina yenu na maelezo kamili.

Njia ya kwenda: Nairobi, kisha Dubai, Doha au Istanbul, hadi Dublin, halafu barabara kuu mpaka Limerick, saa mbili na nusu hivi. Kupitia London kwenda uwanja wa ndege wa Shannon ni karibu zaidi na Adare, lakini kwa Mkenya asiye na visa ya Uingereza hakupitiki, kwa hiyo wewe utapita na wenzako watabaki. Na mkikata ndege ya Malindi kwenda Nairobi, someni inashuka wapi. Nyingine zinashuka Jomo Kenyatta, nyingine Wilson, na kutoka Wilson kwenda Jomo Kenyatta saa za jioni na masanduku ya gofu ni adhabu. Mkitaka kuongeza uwanja wa gofu wa Royal Portrush, kumbukeni iko Ireland ya Kaskazini, ni Uingereza ile: Mkenya atahitaji visa zote mbili, na ya Ireland iwe ya kuingia mara nyingi.

Waitaliano wenu wanaingia kwa pasipoti zao, hawana shida. Mke wa rafiki yenu bado anahitaji visa, ila aombe kama mwanafamilia wa raia wa Umoja wa Ulaya, si kama mtalii wa kawaida. Akisafiri pamoja na mumewe au kumfuata, halipi ada, na ombi lake linapaswa kushughulikiwa haraka kuliko yenu. Aambatanishe cheti cha ndoa na nakala ya pasipoti ya mume. Kama walifunga ndoa kwa kadhi na cheti hakijasajiliwa na msajili wa ndoa, waanze hilo sasa, kabla hata ya kuzungumzia pakeji.