Vunjajungu hajavunja chungu cha mtu

Swali la wiki hii lilikuwa: ni kiumbe gani amebebeshwa jina asilostahili? Mimi namtetea vunjajungu.

Jina lake ni mashtaka matupu. Jungu ni chungu kikubwa, na wazee walisema kwamba ukimgusa mdudu huyu, chombo utakachokishika baada yake kitakuponyoka kivunjike. (Kuvunja jungu kwa maana ya karamu ya mwisho wa Shaabani ni habari nyingine.) Basi utotoni tulimkimbia, na hadi leo nasikitika kwamba hatukumtazama.

Juzi nilimkuta juu ya jani, kijani kibichi, miguu ya mbele kaikunja kifuani. Nikahamia upande wa pili. Kichwa chake cha pembetatu kikageuka taratibu kunifuata, jambo ambalo wadudu wachache sana wanaliweza. Katika kila jicho kulikuwa na kidoa cheusi kilichonikodolea popote niliposimama. Kidoa hicho si mboni: jicho lake limeundwa kwa vijicho vingi mno, na vile vinavyokuelekea moja kwa moja ndivyo huonekana vyeusi. Katikati ya macho hayo makubwa mawili ana mengine matatu madogo. Sikio analo moja tu, chini ya kifua, na aina nyingi zinazoruka usiku hulitumia kuwakwepa popo.

Wengine walimpa majina ya heshima. Mantis, jina analoitwa na wataalamu, kwa Kigiriki ni mtabiri, na mwaka 1758 Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyewapa viumbe majina ya kitaalamu, akamwongezea sifa ya mcha Mungu, kwa vile anavyosimama kama mwenye kusali. Hata hayo siyakubali. Ile mikono ni mtego wenye miiba: nzi akitua karibu, hufyatuka na kumbana kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha. Ningeulizwa mimi, ningemwita mvizia, kwa maana kazi yake ndiyo hiyo: kutulia, kupima umbali, kunasa.

Nilimwekea kidole njiani. Akakigusa kwanza kwa vipapasio, akapanda, miiba yake ikanikwaruza kidogo. Alikaa hapo kitambo, akijisafisha mguu kwa mdomo, kisha akarukia kichakani. Nikaingia ndani, nikachukua bilauri, nikanywa maji, nikairudisha kabatini.