Macho yananichoma kama yametiwa mchanga: je, niendelee na vidonge vya homiopathia?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 49. Tangu mwaka jana macho yananichoma kama yametiwa mchanga, na ikifika alasiri ndiyo zaidi. Ajabu ni kwamba nikipanda bodaboda machozi yananimwagika. Jirani alinipeleka kwa tabibu wa homiopathia. Alinisikiliza karibu saa nzima, akanipa vichupa viwili vya vidonge vidogo vitamu: Euphrasia 30C na Natrum muriaticum 30C. Akasema naweza pia kuviyeyusha kwenye maji nikaoshea macho. Wiki ya tano sasa. Siku nyingine naona nafuu, nyingine sioni. Usiku nameza Piriton kwa mafua yanayoletwa na vumbi la vitambaa, na mchana nakaa chini ya feni, maana joto la kibandani si la mchezo. Mume wangu anasema nimetupa pesa. Nishauri.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza hilo la kuoshea macho maji yenye vidonge, liache leo hii. Jicho halitaki kitu kisicho safi kabisa. Mwaka 2023 kule Marekani kulizuka maambukizi ya bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, yakahusishwa na machozi ya bandia, yaani matone ya kulainisha macho makavu, yaliyotoka kiwandani. Waliogunduliwa kuwa na bakteria huyo walikuwa 81. 14 walipoteza uwezo wa kuona na 4 walikufa. Hiyo ni chupa ya kiwandani, sembuse kikombe cha nyumbani.

Sasa vidonge vyenyewe. Natrum muriaticum ni chumvi, hii hii unayotia kwenye mchuzi. Euphrasia ni mmea mdogo wa malishoni Ulaya. Homiopathia ilianzishwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, mwaka 1796, kwa imani kwamba kinacholeta dalili kwa mzima huiponya kwa mgonjwa, kikizimuliwa sana. Hiyo 30C ina maana hii: tone moja la dawa katika matone 99 ya maji, kisha tone moja la mchanganyiko huo katika matone 99 mengine, mpaka mara 30. Ukifika mara ya 12 au 13 hakuna tena chembe ya kile kilichotiwa mwanzo. Kinachobaki mkononi mwako ni sukari. Mwaka 2015 baraza la taifa la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti 176 na halikupata ugonjwa hata mmoja wenye ushahidi wa kuaminika kwamba homiopathia inautibu.

Basi zile siku za nafuu zinatoka wapi? Hebu zikumbuke vizuri. Hazikuwa siku za mvua? Au siku umeme ulipokatika, feni ikazima?

Wewe ni mtu wa Tanga, mashamba ya chumvi unayajua. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye majaruba, jua na upepo vinayanywa, chumvi inabaki. Jicho lako ndivyo linavyofanywa. Chozi si maji matupu: chini kuna ute unaoyashika kwenye jicho, katikati maji, na juu utando mwembamba wa mafuta yanayotoka kwenye vitundu vilivyojipanga ukingoni mwa kope. Mafuta yakipungua au yakiganda, upepo unayala maji, na chozi linalobaki linakuwa na chumvi kupita kiasi. Hiyo ndiyo inayokuchoma. Jicho likishawashwa hivyo, upepo wa bodaboda unaliamsha, nalo linajihami kwa kumwaga maji mengi kwa mkupuo. Maji hayo hayana mafuta ya kutosha, yanateremka shavuni na kukuacha mkavu vilevile.

Kwa hiyo kazi yetu ni kuyazuia maji yasiondoke. Feni usiizime, joto la Tanga nalijua, ila igeuze ipige mgongo au miguu. Na ukiwa unafuata mshono hupepesi macho. Mtu anayekaza macho kwenye kazi hupepesa mara chache mno kuliko anayepiga soga. Kila ukimaliza mshono mmoja, fumba macho taratibu mpaka kope zikutane, mara tano au sita, ndipo uendelee.

Piriton nayo inakausha, pua na mdomo na macho pamoja. Kwa kuwa ulijinunulia mwenyewe, muulize mfamasia njia nyingine ya kutuliza mafua hayo, na ufunge barakoa unapokata vitambaa. Dawa ulizoandikiwa na daktari usiziache bila kumuuliza yeye.

Asubuhi na jioni chukua kitambaa safi, kiloweke kwenye maji ya moto ambayo kifundo cha mkono kinayavumilia, ukikamue, ukiweke juu ya macho yaliyofumbwa dakika tano hadi kumi, ukikiloweka tena kinapopoa. Halafu kwa kidole safi sugua taratibu kuelekea ukingoni: kope ya juu kwenda chini, ya chini kwenda juu. Mafuta yaliyoganda yanalainika na kutoka. Wanja ndani ya kope uache, unaziba vitundu vile, na baadhi ya wanja una madini ya risasi. Mimi macho yalinikauka nilipokoma hedhi, nikiwa bado muuguzi wa kliniki ya macho, na ni kitambaa hiki kilichoniokoa zaidi ya matone. Nilikifanya wiki tatu kabla ya kuona tofauti, kwa hiyo usikate tamaa siku ya nne.

Matone uliza machozi ya bandia, kama yale ya kaboksimethiliselulosi, mara nne kwa siku. Ukihitaji zaidi ya hapo, tafuta yasiyo na kihifadhi, ile dawa inayotiwa ili matone yasiharibike. Ncha ya chupa isiguse jicho. Wala usikubali kuuziwa matone yenye deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, eti yanatuliza haraka. Ni kweli yanatuliza. Nilimpokea mama mmoja aliyeyatumia miezi minane bila kupimwa. Alikuja na presha ya macho, na sehemu ya kuona iliyokwisha kupotea haikurudi.

Nenda ukapimwe hata kama utapata nafuu. Katika umri wako pengine unahitaji miwani ya kushonea. Ukiwa na mdomo mkavu pamoja na viungo kuuma, mwambie daktari, kwa sababu kuna ugonjwa wa Sjögren ambapo kinga ya mwili inashambulia tezi za machozi na mate. Na jicho moja likiwa jekundu lenye maumivu, likaogopa mwanga au uoni ukapungua, usingoje kesho.

Mwambie mumeo asikulaumu. Saa nzima ya kusikilizwa ulikuwa unaihitaji, na sisi wa kliniki hatukukupa. Miaka mingi nilimkabidhi mgonjwa chupa ya matone na kumwita anayefuata, bila kumuuliza hata anakaa wapi akifanya kazi. Ukienda kupimwa, yaseme yote uliyoniandikia mimi, na feni usiisahau.