Maswali ya Wasomaji: Nyota ya Nge

Shikamoo Mhariri. Nyota yangu ni Nge. Kila nikiitaja, watu huniambia nina kisasi na sumu. Sifa hizi zilianzia wapi? (Msomaji, Majengo, Moshi)

Marahaba. Zimeanzia mbali, na umepewa nusu yake tu.

Nge alikuwa angani kabla Wagiriki hawajaanza kuandika habari za nyota. Wababeli walimtaja katika mabamba ya udongo yaitwayo MUL.APIN, ambayo nakala zake tunazo tangu karne ya 7 KK. Kwao nge alikuwa mlinzi. Walimchonga kwenye mawe ya kuthibitisha umilki wa ardhi, na katika masimulizi ya Gilgamesh, shujaa wao wa kale, watu-nge ndio wanaolinda lango la mlima linalopitiwa na jua. Wamisri nao walikuwa na Serket, mungu wa kike mwenye nge kichwani, aliyelinda maiti na kuponya walioumwa.

Kisasi kimeletwa na Wagiriki. Mwindaji Orioni alijigamba kwamba angemaliza wanyama wote duniani, na Gaia, mama wa ardhi, akamtuma nge amwangamize. Hata leo Nge akichomoza mashariki, Orioni huwa anatua magharibi. Kisha katika karne ya 2 BK Ptolemy, mtaalamu wa nyota wa Alexandria, akaandika utaratibu ambao wanajimu wanaufuata hadi sasa: Nge ni nyumba ya Mirihi, sayari ya vita, na ni buruji (moja ya sehemu 12 za njia ya jua angani) iliyo thabiti. Ukiongeza asili yake ya maji, unapata mtu mwenye hisia za kina asiyeachia jambo upesi. Habari za kifo na kuzaliwa upya zilipata nguvu baada ya Pluto kugunduliwa mwaka 1930 na wanajimu kuikabidhi buruji hii. Zilisaidiwa pia na majira ya kaskazini, ambako Oktoba na Novemba majani hupukutika. Huku kwetu miezi hiyo ni ya mvua za vuli na watu wanapanda maharage, kwa hiyo sehemu hiyo ya maelezo haikai vizuri hata kidogo. Mimi ningekushauri ushike ulinzi na uthabiti. Ulinzi ndio maana iliyo kongwe zaidi.

Nilizaliwa 23 Oktoba. Gazeti moja linaniita Mizani, jingine Nge. Nifuate lipi? (Msomaji, Sakina, Arusha)

Usifuate lolote mpaka ujue mwaka na saa. Jua huingia Nge likifika nyuzi (digrii) 210 za mzunguko wake, na wakati huo husogea mbele kwa takriban saa sita kila mwaka, kisha hurudishwa nyuma na mwaka mrefu (wa siku 366). Kwa saa za Tanzania, mwaka 2022 liliingia tarehe 23 kama saa 7:36 mchana. Mwaka 2023 liliingia tarehe hiyohiyo kama saa 1:20 usiku. Basi mtoto aliyezaliwa 23 Oktoba 2023 saa 4 asubuhi ni Mizani, na wa saa 4 usiku ni Nge.

Hapa ndipo wengi huharibu. Programu za simu hazijui saa ya Kiswahili: saa 4 usiku iandike 22:00. Ukiandika 4:00, mtoto yule wa Nge anageuka Mizani. Buruji inayochomoza mashariki inaharibika zaidi, maana hubadilika kila baada ya saa mbili hivi. Kosa la saa sita, kama kuandika 4:00 badala ya 10:00 kwa saa 4 asubuhi, linakurusha karibu buruji tatu. Hakikisha pia majira ya saa yamewekwa +3 (UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki). Ukichagua Moshi badala ya Arusha, tofauti haifiki hata nyuzi moja, kwa hiyo usihangaike nayo.

Ukienda kwa mnajimu anayefuata hesabu za Kihindi, usishangae akikwambia Nge huanza takriban 16 Novemba. Yeye hupima kwa nyota zenyewe, ilhali magazeti hupima kwa ikwinoksi ya Machi (siku ambayo usiku na mchana hulingana), na hesabu hizo mbili zimeachana kwa nyuzi 24 hivi.

Je, Nge anaonekana kwa macho kutoka hapa Moshi? (Msomaji, Shanty Town)

Anaonekana vizuri kuliko wanavyomwona watu wa Ulaya. Toka nje katikati ya Agosti, saa 2 usiku, uipe Kibo mgongo. (Walioko Arusha waupe mgongo Meru.) Nyosha mkono na upime kwa ngumi kutoka upeo wa kusini kwenda juu, ngumi moja ni kama nyuzi 10. Kwenye ngumi karibu saba utakuta nyota nyekundu yenye nyota hafifu kila upande. Hiyo ni Antares, ambayo Waarabu huiita Qalb al-Aqrab, moyo wa nge. Juu yake kulia ni kichwa, nyota tatu zilizopangana. Mkia unashuka kushoto na kujikunja kama ndoana hadi Shaula na Lesath, nyota mbili zilizokaribiana ambazo ndizo mwiba. Ukiendelea juu kulia kupita kichwa utaona nyota mbili za Mizani. Zamani zilihesabiwa kuwa makoleo ya nge huyuhuyu.

Juni na Julai mawingu ya mlimani mara nyingi huziba anga. Shuka tambarare upande wa Kahe, huko hupungua. Siku ya kuzaliwa kwako usimtafute, kwa kuwa Novemba jua huwa upande wake na hutua pamoja naye. Na karibu kila baada ya miaka miwili Mirihi hupita jirani na Antares ikiwa nyekundu vilevile. Zitofautishe hivi: Mirihi hutoa mwanga uliotulia, Antares humetameta.