Kitabu cha mwongozo kipo ndani ya modi, lakini wachezaji bado wanauliza waanzie wapi

Swali: Nimetengeneza modi ya mashine (nyongeza inayoubadilisha mchezo) kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa Minecraft na kuiwekea kitabu cha mwongozo kwa kutumia Patchouli, modi ya kutengenezea vitabu vya aina hiyo. Kila mashine ina ukurasa wake, lakini wachezaji wapya hawaachi kuniuliza waanzie wapi. Je, niongeze maelezo?

Jibu: Ndugu msomaji, usiongeze hata neno moja kabla hujabadilisha mpangilio. Kitabu chako kimepangwa kama orodha ya vitu vilivyomo katika modi, na orodha ya namna hiyo humfaa anayejua anachokitafuta. Mchezaji mpya halijui hata jina la mashine anayoihitaji.

Kianze kwa sura moja fupi yenye kazi moja tu, inayoweza kukamilishwa kwa vifaa ambavyo mchezaji hupata mapema, kama vile chuma na redstone, madini yanayoendesha mitambo ya mchezo. Sura zinazofuata zifungwe, kila moja ikisubiri tendo fulani. Patchouli hukuwezesha kufanya hivyo kwa kuifungamanisha sura na mfumo wa mafanikio (unaorekodi hatua anazofikia mchezaji) ulioingizwa Minecraft katika toleo la 1.12, mwaka 2017. Hapa waundaji wengi hujikwaa: sura inayoeleza jinsi ya kutengeneza mashine hufunguka baada ya mashine kutengenezwa, wakati ambapo haihitajiki tena. Sharti liwe kupata malighafi yake, si kuwa na mashine yenyewe.

Kuhusu kukigawa kitabu, nisingependekeza kimfikie mchezaji pale tu anapoingia katika ulimwengu mpya. Anayecheza kwa mkusanyo wa modi nyingi huenda akapokea vitabu kumi kwa mpigo, akavitupa vyote sandukuni. Kitolewe kama zawadi ya mafanikio, mara anapookota madini ya kwanza ya modi yako.

Usibandike picha za kanuni za kutengeneza vitu. Tumia ukurasa maalumu unaoisoma kanuni kutoka kwenye mchezo kwa kitambulisho chake, kwa sababu watengenezaji wa mikusanyo huzibadilisha kanuni hizo mara kwa mara, na picha yako itabaki ikipotosha. Kwa mitambo inayojengwa kwa matofali mengi, upo ukurasa unaomwonesha mchezaji kivuli cha mtambo palepale anapotaka kuujenga. Huo peke yake huokoa aya kadhaa za maelezo. Mashine zenye sehemu zinazozunguka au kusukumana hueleweka vizuri zaidi kwa mwendo, kama inavyofanya modi ya Create, ambayo humwonesha mchezaji onesho fupi anapoweka kielekezi juu ya kifaa na kushikilia kitufe cha W, ingawa kuyaandaa maonesho hayo ni kazi nzito kwa mtu mmoja.

Ukimaliza, mkabidhi modi mtu asiyewahi kuiona, ukae pembeni bila kumsaidia. Ukurasa atakaoufunga ili akuulize swali ndio wa kuandikwa upya kwanza.