Uani upande wa kaskazini, hasa huko Uyole

Mkuu, umeuliza uani kwenye kiwanja chako cha Uyole, Mbeya, kuwe upande gani, ukihofia jua kama la Dar. Weka kaskazini. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni na Julai, baridi inapobana, jua la saa sita hupita upande wa kaskazini. Uani ukiwa kusini, ukuta wa nyumba wa mita 3 unatupa kivuli cha karibu mita 2 mchana huo. Nguo zinashinda mbichi kwenye kamba. Inaniuma mafundi wengi wakipanga nyumba wanaangalia barabara tu. Magharibi epuka: Oktoba jua la saa kumi linakuchoma usoni. Ikishindikana, panda parachichi huko, mbali na msingi na karo la majitaka.